Akina Mahdali wa Kilwa: kupanda kwao, kuanguka kwao na jina lililowafunika

Msomaji wa historia ya pwani ya Afrika Mashariki huletewa Kilwa Kisiwani ikiwa imefungwa na jina moja, nalo ni Washirazi. Huambiwa kwamba Washirazi waliuanzisha mji, kwamba Washirazi waliimiliki biashara ya dhahabu ya Sofala, kwamba Washirazi walijenga Husuni Kubwa, na kwamba Wareno walipofika waliwakuta Washirazi wakitawala. Kauli ya kwanza ina ukweli unaohitaji maelezo, ya pili ni kweli kwa nusu yake, na mbili za mwisho si sahihi. Karibu kila kitu kinachomstaajabisha mgeni anayevuka kutoka Kilwa Masoko, isipokuwa sehemu kongwe ya Msikiti Mkuu na majengo yaliyoongezwa baada ya karne ya 16, kilijengwa katika zama ambazo Kilwa ilitawaliwa na ukoo mwingine kabisa. Ukoo huo ni wa masharifu wa Mahdali wenye asili ya Yemeni, ambao tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji huo, inawaita pia watu wa nyumba ya Abu al-Mawahib. Walishika kiti kwa zaidi ya karne mbili, na leo hata wenyeji wa mkoa wa Lindi ni wachache wanaowataja.

Mkanganyiko huu una sababu, na sababu ya kwanza iko katika vyanzo vyenyewe. Tarehe ya Kilwa imetufikia kwa matoleo mawili. Moja ni la Kiarabu, lililoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16 na mtu aliyekulia katika mji huo. Mwandishi wake aliahidi sura 10, lakini nakala iliyosalia, ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza, inakomea katika sura ya 7. La pili ni muhtasari wa Kireno ambao João de Barros aliuingiza katika historia yake ya Ureno barani Asia, iliyochapishwa mwaka 1552. Matoleo haya mawili yanakubaliana katika mambo makubwa, ila yanatofautiana katika majina ya masultani, mpangilio wao na urefu wa tawala. Juu ya hayo kuna ushahidi wa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, kisha kuna sarafu na magofu. Miaka inayotajwa vitabuni, kama vile 1277 kuwa mwanzo wa utawala wa Mahdali, ni makadirio yaliyopatikana kwa kujumlisha urefu wa tawala zilizotajwa na kuhesabu kurudi nyuma. Msomaji aichukue kama alama za njiani, asiichukue kama tarehe zilizochongwa kwenye jiwe.

Waliowatangulia

Tarehe inaanza na Ali bin al-Hasan, anayesimuliwa kuwa alitoka Shirazi pamoja na baba yake na ndugu zake kwa majahazi saba, kila jahazi likashusha watu katika bandari yake, naye Ali akafika Kilwa na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka pande zote. Kisa hiki kinasimuliwa pwani nzima kwa sura mbalimbali, na ni kosa kukisoma kama hati ya kuhamia, kama ilivyo kosa kukitupa. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini, wakimfuata Neville Chittick aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1950 na 1960, kwamba Ali bin al-Hasan aliishi mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri, ambazo ya mwisho wake ni ya mwaka 1066. Miongoni mwa sarafu hizo za fedha zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na kwa hiyo ikabidi arudishwe nyuma hadi karne ya 11.

Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na bara yake kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara, uliongeza jambo lingine. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na kwa upande wa baba ilitoka Asia, sehemu kubwa ikiwa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa maoni yangu habari hii inamaliza ubishi wa zamani uliowataka Waswahili ama wawe Waajemi waliohamia ama wawe Waafrika waliobuni ukoo. Walikuwa watu wa pwani hii, waliozaliwa na mama wa pwani hii, na baadhi ya baba zao walitoka ng'ambo.

Nyumba hii ya kwanza ilidhoofika kwa vita na majirani. Tarehe inataja watu wa Shaga, ambao wachunguzi wengi wanawaweka katika kisiwa cha Sanje ya Kati kusini mwa Kilwa, kwamba waliwahi kuuteka mji na kumweka mtu wao kwenye kiti. Katika mazingira hayo ya kiti kisicho imara ndipo Mahdali walipoingia.

Sharifu anakuwa sultani

Al-Hasan bin Talut, wa kwanza wa ukoo kutawala, anatajwa kwa sentensi moja tu: aliutwaa ufalme kwa nguvu, akisaidiwa na watu wake mwenyewe. Sentensi hiyo fupi ina mambo mawili. Kwanza, haya yalikuwa mapinduzi, wala hakuna aliyejaribu kuyaficha. Pili, al-Hasan alikuwa na "watu wake" Kilwa tayari, maana yake ukoo ulikuwa umeshaota mizizi hapo kabla ya kushika hatamu. Nasaba ya Mahdali inaunganishwa na ile ya al-Ahdal wa Tihama, uwanda wa pwani ya Yemeni, ambao mpaka leo ni ukoo mkubwa wa masharifu na wanazuoni katika nchi ile. Watu wa namna hii hawakusafiri kama wanajeshi. Walikuja kama walimu, makadhi, wapatanishi na wafanyabiashara, wakaoa kwa wenyeji, na nasaba yao iliyorudi kwa Mtume ikawapa heshima ambayo tajiri wa kawaida hakuweza kuinunua.

Katika mji wa biashara heshima hiyo ilikuwa na kazi. Mfanyabiashara wa Aden au wa Gujarati aliyeshusha mali yake Kilwa alihitaji mtu wa kuamua ugomvi kwa sheria anayoijua, na alihitaji kuamini kwamba mwenye mji hatamdhulumu. Sharifu aliyekaa kitini alikuwa dhamana ya mambo hayo mawili. Naamini ndiyo maana mapinduzi ya al-Hasan bin Talut hayakuleta kisasi kirefu, kwa kuwa matajiri wa mji walipata faida ndani yake.

Utajiri wenyewe ulitokana na mahali Kilwa ilipo. Jahazi lililotoka Arabuni au Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka uleule, lakini likijaribu kwenda mpaka Sofala, katika Msumbiji ya leo, lilikosa muda na likalazimika kungoja msimu mwingine. Dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka Sofala. Nguo, shanga na vyombo kutoka kaskazini viliishia Kilwa. Na safari ya kati ikafanywa na vyombo vya pwani. Zamani biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa watu wa Mogadishu, mpaka Kilwa ilipowanyang'anya, jambo ambalo Barros analiweka katika zama za nyumba ya kwanza. Mahdali waliirithi njia hiyo na kuigeuza kuwa mfumo wa ushuru. Ofisa mmoja Mreno aliyeandika barua mwaka 1506 alieleza ulivyokuwa: mfanyabiashara alilipa mithkali 1 (kipimo cha uzito wa dhahabu) kwa kila vipande 500 vya nguo ili aruhusiwe tu kuingia, kisha akatozwa tena kwa thamani ya bidhaa zenyewe, na aliporudi kutoka Sofala akakatwa mithkali 50 katika kila 1,000 alizorudi nazo. Aliyemiliki Kilwa hakuhitaji kuimiliki migodi.

Abu al-Mawahib

Mjukuu wa al-Hasan bin Talut, naye akiitwa al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyeufikisha ukoo kileleni katika theluthi ya kwanza ya karne ya 14. Baba yake anakumbukwa kwa jina la al-Mat'un, yaani aliyechomwa mkuki, ishara kwamba kiti hakikuwa salama hata kwa kizazi cha pili. Al-Hasan alikwenda ng'ambo akiwa kijana, akasoma Aden kwa miaka miwili, kisha akaendelea Makka kuhiji. Aliporudi alimkuta ndugu yake Daud akikalia kiti kwa niaba yake, naye Daud akamwachia bila vita.

Ile miaka ya Aden haikupita bure. Yemeni ilikuwa chini ya masultani wa Rasuli, waliojiita kwa majina ya fahari kama al-Malik al-Mu'ayyad na al-Malik al-Mujahid, na jiwe lenye maandishi lililopatikana katika magofu ya Husuni Kubwa linamtaja sultani wa Kilwa kwa mtindo huohuo: al-Malik al-Mansur al-Hasan bin Sulaiman. Alitaka ahesabiwe miongoni mwa wafalme wa ulimwengu wa Kiislamu, na kila alichojenga kilifuata shabaha hiyo.

Aliuongeza Msikiti Mkuu mara kadhaa ya ukubwa wake wa zamani, kwa kuba na matao, na pembeni ukawekwa ukumbi wenye kuba kubwa aliokuwa akisalia sultani. Mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, akajenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100. Upande mmoja lilikuwa makao ya kifalme, lenye ua wa mapokezi uliozungukwa na ngazi za kukalia na birika la kuogea la pembe nane. Upande wa kusini kulikuwa na ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyoonekana vilikuwa maghala. Kasri na ghala vilikuwa jengo moja, na hiyo ndiyo picha halisi ya utawala wa Kilwa, ambamo sultani alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa kuliko wote. Mafundi waliyakata matumbawe yangali mabichi na laini, wakayachonga, wakayaacha yakauke na kuwa magumu, wakayaunga kwa chokaa iliyochomwa papo hapo. Katika nyumba za kawaida upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko. Kuba na matao ya al-Hasan yalivuka mpaka huo, na hayakuwa yamewahi kuonekana kwa wingi namna hiyo katika pwani yetu. Katika kifusi cha jumba hilo kilipatikana pia chombo cha kaure cha Uchina cha zama za Yuan.

Sarafu zake ni jambo la kushangaza zaidi. Al-Hasan alitoa fulusi za shaba zenye jina lake upande mmoja na, upande wa pili, maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yakiwa yamepangwa ili pande zote mbili zishikane kwa kina kama beti la shairi. Dinari zake tatu za dhahabu zinajulikana. Fulusi yake moja ilipatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini, na inabaki kuwa ushahidi wa kushikika kuliko wowote unaoiunganisha Kilwa na chimbuko la dhahabu yake.

Ibn Battuta alimkuta sultani huyu akiwa hai. Anaisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kupita mingi, anasema watu wake ni Washafii, wacha Mungu, na anaeleza asili ya jina Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwamba alipewa kwa wingi wa ukarimu wake. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi, na Ibn Battuta anawataja kwa majina baadhi aliowaona pale. Sultani alikaa na mafukara na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia chumba cha khatibu, akabadili nguo, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyolisifu tendo lake, akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki hunukuliwa mara nyingi kama mfano wa ukarimu, na ni haki kukisoma hadi mwisho. Ibn Battuta mwenyewe anasema mali hiyo ilitoka wapi. Sultani alifanya mashambulizi ya mara kwa mara katika nchi za bara, akateka watu na mali, akatenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano ya ngawira, na fungu la masharifu akaliweka katika hazina yake ya pekee. Watumwa ishirini waliotolewa kwa ajili ya nguo za sultani walikuwa watu wenye kwao, waliochukuliwa katika vijiji vya bara mkabala wa Kilwa, na hakuna mwandishi aliyeandika jina la hata mmoja wao. Ukarimu wa Abu al-Mawahib ulikuwa wa kweli kwa waliofika barazani kwake, na ulilipwa na watu ambao hawakualikwa barazani.

Kisiasa, hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa nguzo. Sharifu wa Hijazi aliyerudi kwao na pembe za ndovu alirudi pia na habari za mfalme mtukufu wa kusini, na kila aliyesikia akajua kwamba Kilwa ni mahali pa kuelekea. Hazina ya masharifu ilikuwa gharama ya heshima ambayo utawala wa Mahdali ulisimama juu yake.

Daud na mlango uliofungwa

Al-Hasan alifariki karibu na mwaka 1333, na kiti kikarudi kwa ndugu yake Daud. Ibn Battuta, aliyesimulia safari zake miaka zaidi ya ishirini baadaye na ambaye habari hizo zilikuwa zimemfikia, anasema Daud alikuwa kinyume cha kaka yake. Mwombaji alipomjia, alimjibu: "Aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa." Wageni walikaa kwake miezi mingi wakapewa kidogo sana, hata wakaacha kufika mlangoni pake.

Wengi wanaisoma habari hii kama tofauti ya tabia, ndugu mkarimu na ndugu bahili. Mimi naiona kama taarifa ya hazina. Daud aliyeachia kiti bila kupigana hakuwa mtu wa tamaa ya wazi, na maneno yake huenda yalikuwa ukweli mtupu. Kaka yake alikuwa ameweka mali nyingi mno katika mawe. Husuni Kubwa haikumalizika, na magofu yanaonyesha kwamba ilikaliwa kwa muda mfupi tu kisha ikaachwa. Msikiti Mkuu nao ulianguka, ukabaki ule ukumbi wa kuba peke yake. Tarehe inasema watu walisali chini ya mahema, na hali hiyo ikaendelea kwa vizazi. Mji wenye fedha hauachi msikiti wake wa Ijumaa ukae kifusi muda wote huo.

Wapo wanaounganisha unyonge huu na mambo ya mbali. Katikati ya karne ya 14 tauni iliua watu wengi mno Misri, Shamu na Ulaya, na mahitaji ya dhahabu yakatikisika pamoja na njia zake. Kilwa haikuhitaji kufikiwa na ugonjwa wenyewe ili iumie; ilitosha wanunuzi wapungue.

Ukoo haukuanguka hapo, na kosa la masimulizi mengi ni kuruka moja kwa moja kutoka Abu al-Mawahib hadi Wareno, kana kwamba miaka 170 katikati ilikuwa usingizi. Mwishoni mwa karne ya 14 ulianzishwa mji mpya wa Songo Mnara katika kisiwa jirani, wenye ukuta, misikiti kadhaa na makumi ya nyumba za mawe zilizojengwa kwa ustadi ambao unaonekana wazi hata leo. Humo fulusi za al-Hasan bin Sulaiman ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya kifo chake. Mwanzoni mwa karne ya 15 anatajwa sultani Muhammad bin Sulaiman kwa lakabu ya al-Malik al-Adil, mfalme mwadilifu, na chini ya mwanawe Sulaiman bin Muhammad Msikiti Mkuu ukajengwa upya.

Namna ulivyojengwa inastahili kusimuliwa. Mtu mmoja mwenye mali aliomba ruhusa ya kuujenga kwa fedha zake. Sultani akampa mithkali 1,000 za dhahabu zisaidie kazi. Mtu yule hakuzitaka, lakini alichelea kwamba akizikataa atanyimwa ruhusa, basi akazipokea, akaziweka, akajenga kwa mali yake mwenyewe, na sultani alipofariki akawarudishia warithi wake dhahabu yote. Mwandishi wa tarehe anaisimulia habari hii kwa sifa ya ucha Mungu. Lakini ukiilinganisha na zama za Abu al-Mawahib utaona mizani imegeuka, kwa kuwa sasa raia alikuwa na uwezo wa kujenga msikiti mkuu wa mji, na mchango wa sultani ulikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukikalia mpaka mtoaji afe.

Maamiri wanakichukua kiti

Katika nusu ya pili ya karne ya 15 nguvu iliwahama masultani ikaenda kwa maamiri na mawaziri. Wakati mwingine amiri alimweka sultani amtakaye na kumwondoa asiyemtaka, na mgombea mmoja, Said bin Hasan, alikimbilia Unguja kutafuta msaada wa mtawala wa huko. Majina yanapishana haraka katika kurasa hizi za tarehe, na kuyafuata yote hakuongezi ufahamu. Linalohitaji kukumbukwa ni kwamba jina la Mahdali lilikuwa bado linahitajika ili kiti kihalalishwe, ila aliyelibeba hakuamua tena mambo.

Mwisho ulikuja kwa mkono wa Amiri Ibrahim, aliyemuua sultani al-Fudail katika miaka ya mwisho ya karne ya 15 na kutawala mwenyewe. Hakujiita sultani, alibaki na cheo cha amiri, na cheo hicho kilikuwa ungamo kwamba hakuwa na haki ya kiti. Sheikh Yusuf, mkuu wa Sofala, alikataa kumtambua. Kwa kukataa huko mnyororo uliounganisha forodha ya Kilwa na dhahabu ya kusini ulikatika, nao ulikatwa na watu wa pwani wenyewe, kabla bunduki ya kwanza ya Mreno haijalia.

Pedro Álvares Cabral alipotia nanga Kilwa mwaka 1500, na Vasco da Gama mwaka 1502, waliyezungumza naye ni Ibrahim. Da Gama alimlazimisha kuahidi kodi ya mwaka kwa mfalme wa Ureno, na akamshika mateka tajiri mmoja aitwaye Muhammad Ankoni. Sehemu ya dhahabu ya Kilwa iliyofika Lisbon iliyeyushwa ikatengenezwa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho mpaka sasa kimo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale la mji huo.

Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari. Ibrahim alikimbia, na mji haukupigana sana. Shahidi aliyekuwamo katika msafara huo, Hans Mayr, anaeleza kwamba mapadri waliingia na misalaba miwili wakiimba, kiongozi akasali mbele ya kasri, kisha wote wakaanza kupora bidhaa na vyakula. Wareno wakajenga ngome na kumvika taji Muhammad Ankoni, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme. Hapo ndipo Ankoni alipofanya jambo ambalo Barros analisimulia kwa heshima: aliomba kwamba mrithi wake asiwe mwanawe mwenyewe, bali mwana wa al-Fudail, sultani aliyeuawa. Baada ya miaka yote ile ya maamiri, mtu wa mji aliyepewa taji na wageni bado aliona kwamba kiti ni cha nyumba ya Abu al-Mawahib. Ankoni aliuawa mwaka 1506, kiti kikagombaniwa tena, na mwaka 1512 Wareno wakaibomoa ngome yao na kuondoka, wakimwacha Ibrahim arudi. Kwa hiyo kusema kwamba Wareno waliwaangusha Mahdali ni kuwapa Wareno kazi waliyoikuta imeshafanyika. Walichokivunja wao ni biashara, na jeraha hilo halikupona.

Kwa nini jina limepotea

Linabaki swali la mwanzo: imekuwaje ukoo uliotawala muda mrefu na kujenga kuliko wote ukamezwa na jina la nyumba uliyoipindua? Mwaka 1776 sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alipoweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kwa mwaka, alijitambulisha kuwa Mshirazi. Miaka 250 ilikuwa imetosha kuufuta Umahdali katika jina la kiti.

Jibu langu ni kwamba majina haya mawili hayakuwa ya aina moja. Umahdali ni nasaba ya damu, yenye shajara, yaani orodha ya vizazi, inayolindwa na kukaguliwa, na asiyezaliwa ndani yake hawezi kujiingiza; damu ikitoka kitini, jina linatoka nayo. Ushirazi ulikuwa dai la utangulizi mjini, kwamba sisi ndio tuliokuwapo kabla ya waliokuja baadaye, na dai hilo liliweza kubebwa na mtu wa Kilwa, wa Tumbatu, wa Pemba au wa Ngazija bila kuonyesha shajara. Liliendelea kukua hadi likaingia katika siasa za karne ya 20, ambapo mwaka 1957 Jumuiya ya Washirazi na Jumuiya ya Waafrika za Zanzibar ziliungana kuzaa Afro-Shirazi Party. Hata mwandishi wa tarehe ya Kilwa alianza kitabu chake kwa Ali bin al-Hasan na majahazi saba, kwa sababu mji ulihesabu umri wake kutoka hapo.

Jina la Mahdali lenyewe halijafa. Lingali mojawapo ya majina ya koo za masharifu katika pwani ya Waswahili, na wanaolibeba wanajulikana kwa elimu ya dini zaidi ya utawala, kama walivyokuwa wazee wa al-Hasan bin Talut kabla ya kukitwaa kiti. Mabaki ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta kadhaa kuimarishwa na mikoko kupandwa ili kuzuia mawimbi. Kazi ya maandishi bado inasubiri. Vitabu vya shule na waongoza wageni wangeitendea haki Kilwa kama wangetenganisha nyumba mbili zilizoitawala, na kumtaja aliyejenga Husuni Kubwa kwa jina alilolichonga mwenyewe katika jiwe lake, al-Hasan bin Sulaiman, pamoja na watu wa bara ambao utumwa wao uligharimia sehemu ya kazi hiyo.